Pesa za Wazee: Jinsi ya Kudai Huduma Bora ya Inua Jamii Katika Kata Ndogo Yenu

Mpango wa Inua Jamii humlipa Mkenya aliyetimiza miaka 70, na ambaye hapokei pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tangu mwaka 2018, ulipofunguliwa kwa wazee wote wa umri huo badala ya wa nyumba maskini pekee, malalamiko barazani kwa chifu yamekuwa yale yale: pesa zimekawia, fulani hajaandikishwa, kiasi hakitoshi. Malalamiko hayo ni ya haki, ila yakisemwa kwa mdomo huishia pale pale barazani. Anayetaka mambo yatengenezwe na aanze kwa kununua daftari.

Andikeni humo kila mzee wa kata ndogo yenu aliyetimiza miaka 70, awe analipwa au halipwi, kwa ridhaa yake. Mbele ya kila jina wekeni tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kitambulisho, wakati alipoandikishwa, tarehe ya malipo ya mwisho na kiasi alichopokea. Kisha mwombeni naibu wa chifu mlinganishe na orodha aliyo nayo. Msiandike nambari ya siri ya mtu yeyote wala msikae na kitambulisho chake, hata kama ni nyanya yenu wenyewe.

Mkishalinganisha mtaona kwamba wanaokosa hawakosi kwa sababu moja. Kuna mzee ambaye rika lake lote linalipwa, lakini kitambulisho chake kinasema ana miaka 66 kwa kuwa karani wa zamani aliukisia tu umri wake. Huyo hasaidiwi na ofisi ya maendeleo ya jamii mpaka kwanza aende kwa msajili wa watu, akiwa na ushahidi wa zamani kama vile cheti cha ubatizo au cha shule. Kuna ambaye jina lake limeandikwa vingine kwenye akaunti na vingine kwenye kitambulisho, na hilo hutengenezwa haraka likitambuliwa mapema.

Na kuna wa vidole. Nilimsindikiza jirani yangu, bi kizee aliyelima maisha yake yote, hadi kwa wakala wa benki. Aliweka kidole gumba kwenye mashine, ikakataa. Akakipangusa kwa leso, akakiweka tena, ikakataa. Akajaribu vyote kumi. Jembe lilikuwa limezifuta alama. Aliambiwa arudi kesho, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 200, yaani sehemu ya kumi ya pesa za mwezi mzima. Mzee wa namna hii anahitaji mlezi aliyesajiliwa rasmi wa kumpokelea, na mlezi huyo achaguliwe na mzee mwenyewe mbele ya watu wa nyumbani, wala asiwe mjukuu aliyejitokeza siku ya malipo.

Kesi zote zikishapangwa kwa aina zake, mwandikieni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo barua moja yenye majina, tarehe na tatizo la kila mmoja. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Mkitaka kujua kwa nini malipo ya miezi fulani hayakufika, ombeni maelezo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Isipojibu, Tume ya Haki ya Utawala hupokea lalamiko hilo.

Suala la kiasi halimhusu chifu hata kidogo, kwa hivyo msimsumbue. Hilo ni la Bunge. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hutakiwa kufika Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo maoni yenu yafike kwa kamati husika mwezi Mei, si Agosti wakati mambo yamekwisha kupitishwa. Tajeni Kifungu cha 57 cha Katiba, kinachompa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Halafu wekeni hesabu: shilingi 2,000 zikigawanywa kwa siku 30 hazifiki 67 kwa siku, na kando yake bei ya unga, mafuta ya taa na dawa ya presha kama zilivyo katika duka lenu wiki hiyo. Hesabu hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za kusihi.

Mzee akifariki, ripotini mapema ili familia isije ikadaiwa. Na ukurasa wa nyuma wa daftari uwe wa watakaotimiza miaka 70 mwaka ujao, kwa sababu uandikishaji hufunguliwa kwa awamu, na huweza kufungwa kabla habari haijafika vijiji vya mbali.