Yoga ya dakika 20 usiku kwa wenye homoni zinazosumbua

Tusidanganyane jamani, yoga haiingii mwilini ikaanza kupanga homoni moja moja kama wanavyowauzia watu mtandaoni. Inachofanya ni kushusha stresi na kukulaza vizuri, na hapo ndo mengine mengi yanapata nafuu.

Iko hivi. Ukiwa na mawazo muda wote, ubongo unaziambia tezi zilizokaa juu ya figo zimwage kotisoli, ndo homoni ya stresi, na hiyo kotisoli wala sio mbaya, asubuhi ndo inakuchangamsha, inafika juu kabisa kama nusu saa baada ya kuamka halafu inashuka taratibu mpaka usiku. Shida ni pale umelala unapiga hesabu za kodi na ada ya mtoto, yenyewe haishuki inavyotakiwa, usingizi hauji, sukari ya damu inapanda, na ubongo ukihisi hali sio shwari unapunguza ile ishara inayokomaza mayai ya uzazi. Ndo maana mtu akifiwa au akiwa na mitihani anaweza kuchelewa siku zake na mimba hana.

Sasa mi navyofanya. Natandika mkeka wa ukili na kanga juu, mto mmoja, basi. Saa tatu na nusu usiku, chakula kishashuka, simu naipeleka chumba kingine (kuiweka sailenti haisaidii, utaichungulia tu).

Naanza na pumzi. Kaa, mkono mmoja tumboni, vuta kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa ukihesabu mpaka 6, tumbo ndo lipande, kifua kitulie. Hapo unapumua kama mara 6 kwa dakika. Usiharakishe kutoa, manake kutoa ndo kwenye kazi yenyewe, shika mshipa wa mkononi pale chini ya kidole gumba utasikia mapigo yanapunguza mwendo ukiwa unatoa na yanaongeza ukiwa unavuta. Mi siku niliyousikia huo mshipa ndo nikaacha ubishi. Dakika 5.

Halafu mkao wa mtoto, piga magoti uiname mpaka paji la uso liguse chini, Waislamu mtauelewa haraka unafanana na sijida ila makalio yanakaa juu ya visigino, mikono nyoosha mbele, dakika 2 au 3. Kisha lala chali, nyayo zigusane, magoti yaangukie pembeni, yakivuta sana weka mto chini yake.

Ninaoupenda ni wa miguu ukutani. Sogeza makalio karibu na ukuta, pandisha miguu, mikono pembeni, tulia dakika 5 hadi 10. Mara ya kwanza mwanangu alinikuta hivyo akakimbia kumwambia bibi yake mama kaanguka, sasa hivi anakuja kulala na yeye pembeni. Mwenye presha ya macho huu mkao aache, na mwenye presha ya damu isiyotulia aulize kwanza. Mjamzito aliyevuka miezi mitano asilale chali muda mrefu, alale ubavu.

Mwisho kaa kimya dakika 5 uisikilize pumzi. Akili itakimbilia kwenye marejesho ya kikoba, irudishe, itakimbia tena, irudishe tena, hiyo kuirudisha ndo zoezi lenyewe kwahiyo usiseme umeshindwa.

Usitegemee maajabu wiki ya kwanza. Ile programu ya kutuliza akili aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 inaenda wiki 8, na mi nakushauri ujipe miezi miwili hivyohivyo, andika kwenye daftari siku ulizopata hedhi na saa uliyolala. Kwangu usingizi ndo ulitangulia kukaa sawa, hedhi ikafuata baadaye sana.

Ila kuna mwalimu mmoja aliwahi kuniambia mwenye shida ya thairoidi (ile tezi ya shingoni) asimame kwa kichwa atupe vidonge. Usithubutu. Vidonge endelea navyo, mwenye PCOS (ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na mayai ya uzazi) au kisukari vilevile. Na kama siku zako zimekata miezi mitatu, pima mimba kwanza halafu nenda ukapime damu, mkeka utaukuta.

Ukirudi umechoka kabisa, ruka yote, fanya ya ukutani tu.