SOMO: Mazoezi ya mtoto aliyeungua, baada ya kidonda kufunga

Asalaam aleikum. Somo hili ni la mtoto ambaye kidonda kimeshafunga na daktari ameruhusu mazoezi. Aliyepandikizwa ngozi karibuni asinyooshwe mpaka waliompasua waseme.

Kovu la moto huendelea kujivuta mwaka mzima, mara nyingi hata miwili. Mtoto aliyemwagikiwa uji hukunja mkono kifuani kwa sababu hapo haumii, na sisi kwa huruma humwacha. Mkao huo huo ndio unaomlemaza.

1. Kama ameandikiwa parasetamoli, mpe nusu saa kabla, kwa kipimo cha uzito wake.

2. Paka kovu mafuta ya nazi yasiyo manukato, au vaselini, ulisugue kwa kidole gumba kwa mviringo dakika 5. Kovu kavu likivutwa hupasuka.

3. Kunyoosha, tuseme kisugudi. Shika juu na chini ya kiungo, usivute vidole. Nyoosha polepole huku macho yako yako kwenye kovu: likipauka na kukaza, umefika. Tulia hapo, hesabu hadi 20, legeza. Rudia mara 5, vipindi 3 au 4 kwa siku. Ukishtua, mtoto hukaza misuli, na hapo unapigana na misuli, kovu hulipati.

Mwache ahesabu yeye. Akisema "basi", simama kweli, nyote wawili mvute pumzi, kisha muendelee. Usimwambie "haiumi", akishajua unamdanganya, kesho atakukimbia. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na watu wawili huogopa mazoezi kuliko alivyoogopa moto.

4. Mchana, mazoezi yawe mchezo. Kwapa: aanike nguo, na kamba ipandishwe kidogo kidogo. Vidole: mdako, au akande unga wa chapati. Goti: nage, lakini jioni, maana ngozi iliyopandikizwa haitoi jasho vizuri na joto humpanda haraka.

5. Usiku avae banzi (kifaa cha kukishika kiungo kikae kimenyooka) alilopewa hospitali. Aliyeungua shingo ya mbele alale bila mto.

MASUALI

Mama Raya, Wete: Kovu limechanika kidogo nilipomnyoosha. Niache?
Jibu: Usiache moja kwa moja. Osha kwa maji safi na sabuni, funika, na punguza kuvuta sehemu hiyo siku mbili tatu. Viungo vingine endelea. Ukiona usaha, harufu au homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Bi Mkubwa, Makunduchi: Mjukuu wangu anajikuna usiku kucha. Nimpake liwa?
Jibu: Shikamoo bibi. Liwa ikikauka hukausha na ngozi, muwasho ukazidi. Mkate kucha, mpake mafuta mara nyingi, mbandike kitambaa cha maji baridi. Asipolala, daktari ana dawa ya muwasho.

Baba Nassor, Mkoani: Wangu hataki skuli, wanamtazama uso. Na anakojoa kitandani, ana miaka 7.
Jibu: Kukojoa na ndoto mbaya ni kawaida mwanzoni, usimgombeze, zikipita mwezi, mwambie daktari. Skuli, zungumza na mwalimu kabla hajarudi. Nyumbani mfundishe jibu fupi, "Niliungua na maji ya moto, nimepoa," mlirudie mpaka limtoke bila kuinamisha kichwa. Aanze nusu siku, akae na rafiki yake, na kofia ya jua asiivue nje.