Umepewa Ka, unatakiwa Kb

Jambo hili tumelibaini jana tukifanya maswali ya kemia na vijana wa kidato cha sita hapa Tabora. Ukiulizwa pH ya sodiamu asetati na umepewa Ka (kipimo cha nguvu ya asidi) ya asidi asetiki tu, ile ya siki, gawanya Kw (zao la ioni za maji, [H⁺] × [OH⁻]) kwa Ka: 1.0 × 10⁻¹⁴ ÷ 1.8 × 10⁻⁵ = 5.6 × 10⁻¹⁰. Hiyo ndiyo Kb (kipimo cha nguvu ya besi) ya ioni ya asetati, unayoihitaji kupata pH. Ukizidisha Ka na Kb za jozi moja (asidi na besi inayobaki ikitoa H⁺), viwango vya asidi na besi yake hufutana, inabaki [H⁺][OH⁻], yaani Kw. Lakini jozi iwe sahihi! Kwa ioni ya kaboneti, iliyomo kwenye magadi, tumia Ka ya pili ya asidi ya kaboniki, si ya kwanza. Hapo wengi hupoteza alama. Na Kw ya 1.0 × 10⁻¹⁴ ni ya nyuzi 25 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 30 Kw hufika karibu 1.5 × 10⁻¹⁴.