SOMO: Kubana maji nyumbani kabla kiangazi hakijatukaba (Mbeya)

Wakuu, nimejibu meseji za hili swali mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja.

1. Bomba linadondosha? Badili washa, kile kiraba cha ndani ya koki.

2. Usiku, watu wote wakishalala, soma mita, asubuhi soma tena kabla hamjafungua bomba. Namba imesogea basi kuna panapovuja, anzia chooni: tia rangi ya chakula kwenye tanki, kaa nusu saa bila kuflashi, rangi ikishuka kwenye sinki la choo, basi raba inayoziba tundu la chini ya tanki imechoka.

3. Mswaki kwa kopo, kuoga kwa ndoo.

4. Tumbukiza kwenye tanki la choo chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji, mbali na boya. Mkiflashi mara 20 kwa siku mmeokoa lita 30, dumu moja na nusu. Tofali hapana, linamomonyoka.

5. Maji ya kufulia. HAPA TULIENI. Mwaka jana nilikuwa namimina maji ya povu ndani ya tanki la choo nikijua nafanya la maana, kumbe nyuzi za blanketi zinajisokota kwenye boya na utando unashika raba, wiki tatu tu raba haikai sawa, maji safi yanashuka usiku kucha kimya kimya na bili ikaja kubwa kuliko kabla sijaanza kubana. USITIE KWENYE TANKI. Mimina kwa ndoo moja kwa moja kwenye sinki la choo, kwa nguvu. Yasilale zaidi ya siku moja yanavunda, na ndoo ifunikwe kama una mtoto mdogo.

Kijana wa Ilomba: Kwa hiyo maji ya povu naweka kwenye tanki?

Mwandishi: Soma namba 5. Herufi kubwa.

Mama Chainizi: Na bustani je?

Mwandishi: Maji ya suuza ya mwisho tu dada, mwagia udongo, majani usiyaguse. Kama umetia jiki, peleka chooni.

Fundi Uyole: Paa langu dogo, mita 6 kwa 5, kukinga mvua kunalipa kweli?

Mwandishi: Swali zuri sana. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Wewe una mita 30 za mraba, mvua ya milimita 20 inakupa kama lita 600, toa kidogo yanayoruka, bado unakaribia mapipa matatu. Ila mvua za kwanza za Novemba ziache zioshe bati, kuna vumbi na kinyesi cha ndege. Na funika pipa, mbu.

Wa Tukuyu: Sisi maji ya kuoshea mchele tunamwagia migomba, hayana sabuni.

Mwandishi: Hiyo sikuwahi kuifikiria, naanza leo jioni. Ndaga fijo, asante sana.