Uliza Habari za Figo na Ini Kabla Hujafungua Dumu la Formalini

Wanafunzi wanaoletwa kwangu mochwari hapa Moshi swali lao la kwanza ni moja: "Kaka, tunaweka formalini kiasi gani?" Na mimi huwauliza: marehemu alikuwa anaumwa nini? Soma faili. Kama ndugu wapo nje, toka ukawaulize kwa upole: alikuwa anasafishwa damu? Macho yalikuwa ya njano? Formalini, dawa tunayodunga ili mwili usioze, si kama dawa ya chooni, ukimwaga imetosha. Inashikana na kile inachokikuta mwilini, na kila mwili una vyake.

Ndani ya dumu kuna gesi ya formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji. Molekuli yake ni ndogo mno, ina kaboni moja tu, lakini ina uwezo wa kushika protini mbili kwa mpigo, hii huku na jirani yake kule. Madaraja ya namna hiyo yakijengwa kwa maelfu, nyama inakakamaa na bakteria hawaimezi kirahisi. Ni kama ute wa yai ukishachemshwa: haurudi tena kuwa maji. Mjerumani Ferdinand Blum aliligundua hili mwaka 1893 akijaribu formaldehaidi kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekuwa ngumu. Basi vaa glovu, tena ndefu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Dumu limeandikwa 37 kwa mia, hiyo ni kwa uzito. Ukipima kwa ujazo ni karibu 40. Kwa hiyo mtu akikwambia "formalini ya 10 kwa mia," ana maana sehemu 10 za dumu na 90 za maji, na formaldehaidi iliyomo ni kama 4 tu. Usichanganye hizo namba mbili. Mimi hupima formaldehaidi yenyewe. Kwa mtu mzima ambaye hakuugua muda mrefu, nataka 2 kwa mia, na maji ya dawa yawe kama lita 1 kwa kila kilo 6. Mtu wa kilo 72 ni lita 12. Zidisha 2 kwa 12, gawanya kwa 40: unapata lita 0.6. Pima mililita 600 za formalini, jazia maji mpaka ndoo ifike lita 12. Andika kwenye daftari kabla hujamimina, si baadaye.

Methanoli (aina ya spiriti) iliyomo kwenye dumu ina kazi yake: inazuia formaldehaidi isijiunge yenyewe kwa yenyewe. Dumu lenye methanoli kidogo, likikaa stoo ya Arusha mwezi wa Julai baridi inapong'ata, utakuta unga mweupe umetulia chini. Ule unga ndio dawa yako, imeganda. Maji yaliyobaki juu hayana tena ile 40, na ukiyapigia hesabu ya kawaida unajidanganya.

Turudi kwenye figo. Mgonjwa wa figo anakufa damu na nyama zikiwa zimejaa urea, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, na urea ikioza inatoa amonia. Formaldehaidi 6 zikikutana na amonia 4 zinazaa heksamini, kitu kisichokakamaza chochote. Yaani sehemu ya dawa yako inaliwa njiani kabla haijaifikia protini. Mwili wa namna hii napanda hadi 3 kwa mia, wakati mwingine zaidi. Kwa lita 12 zile zile, hiyo ni mililita 900. Sisi huku hatuziki haraka: mtoto mmoja yuko Dar, mwingine Marekani, na mazishi ni Jumamosi ijayo, kihambani, shamba la ukoo, Rombo au Machame. Ukiweka dozi ya kawaida, ikifika Alhamisi utaisikia harufu kabla hujafungua mlango. (Ndugu zetu Waislamu huzika mapema, mara nyingi hata hatuletewi.)

Ini ni kinyume chake, na hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi, hospitali moja ambayo siitaji. Akaletwa mama mmoja, wa njano mpaka kucha. Nikafikiri, ugonjwa mkubwa, dawa kubwa. Asubuhi binti yake akaja na kanga na sabuni kumvisha. Akasimama mlangoni. "Kaka, mbona mama amekuwa kijani?" Sikuwa na la kumjibu. Mashavu na shingo vilikuwa rangi ya ndizi mbichi. Ile njano ni bilirubini, na formaldehaidi kali inaigeuza kuwa biliverdini, ambayo ni ya kijani. Haifutiki; utaifunika kwa poda tu. Siku hizi nikiona macho ya njano, naanza na maji ya kusukuma damu yasiyo na formalini, nayapitisha taratibu mpaka yanayotoka mshipani yawe mepesi, ndipo naingiza dawa laini, karibu na 1 kwa mia, yenye eosini (rangi nyekundu) kidogo kurudisha wekundu. Halafu mwili unakaa kwenye friji, na ndugu nawaambia mapema wasikae nao siku nyingi.

Chumba kiwe na feni ya kuvuta hewa chini, karibu na meza, isikuvutie mvuke usoni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2004. Mazoea ya pua hayakukingi. Na usimwage jiki juu ya formalini iliyomwagika. Zikikutana zinaweza kutoa mvuke wenye sumu. Osha kwa maji mengi kwanza.

Ukimaliza kudunga, usiamini ndoo kwa kuwa imeisha. Bonyeza ncha ya sikio, kisha vidole vya mkono, kisha vya mguu, kulia na kushoto. Penye ulaini dawa haikufika, mara nyingi damu iliyoganda imeziba. Sugua kiungo hicho kuelekea moyoni, subiri, bonyeza tena. Kikigoma, fungua mshipa mkuu wa upande huo, wa pajani kwa mguu, wa kwapani kwa mkono, na udunge kuanzia hapo.