Jinsi ya kupika msosi wa Warumi wa kale ukiwa Kigoma

Kabla hujawasha jiko toa nyanya mezani. Toa na pilipili zote kuanzia mbuzi mpaka hoho, toa karanga, mihogo, viazi, mahindi, maharage, hata korosho. Vyote hivyo asili yake ni bara la Amerika, Columbus kafika kule 1492 na dola ya Roma ya magharibi ilishaanguka tangu 476, kwahiyo Mrumi kaishi na kafa hajawahi kuonja nyanya. Najua unajiuliza sasa kimebaki nini, mi nakwambia kwa mtu wa Kigoma kimebaki karibu kila kitu: samaki wapo, chumvi ya Uvinza ipo, asali inakuja kutoka Tabora, vitunguu, saumu, giligilani, binzari nyembamba, pilipili manga, tende. Kugumu ni kuzuia mkono tu maana sisi bila nyanya tunaona hakuna mchuzi.

Mafuta yao yalikuwa ya mzeituni. Ukipata kachupa kadogo supermarket sawa, ukikosa tumia alizeti ingawa nayo ni ya Amerika, angalau haina ladha ya kuingilia. Mawese acha. Nayapenda sana mawese ila ukiyatia hapa umeshapika chakula cha Kigoma na sio cha Roma.

Tuanze na kitu ambacho bila hicho usijisumbue na mengine, mchuzi wa samaki unaoitwa garum, kwenye mapishi yao utaukuta pia kwa jina la liquamen. Walikuwa wanapanga samaki na matumbo yake na chumvi nyingi ndani ya mabirika, wanaacha juani wiki kadhaa hadi miezi, yale maji yanayotoka ndio wanatilia kwenye kila kitu, mboga, nyama, mayai, mpaka vitu vitamu. Ilikuwa biashara kubwa, pale Pompeii, mji wao wa kale huko Italia, kulikuwa na tajiri mmoja anaitwa Aulus Umbricius Scaurus ambaye aliweka picha za chupa zake za garum kwenye sakafu ya nyumba yake kwa vijiwe vya rangi, na kule Baelo Claudia kusini mwa Hispania yale mabirika ya kuvundikia yapo mpaka leo. Hiyo ya juani usijaribu nyumbani, majirani watakuhamisha, na chumvi ikipungua ni sumu kabisa.

Ipo ya haraka. Imeandikwa kwenye Geoponica, kitabu cha kilimo kilichokusanywa Constantinople karne ya 10, na yenyewe ni ya kuchemsha tu. Nenda Kibirizi asubuhi uchukue dagaa wabichi nusu kilo (siku za mbalamwezi wanakuwa wachache na bei inapanda, subiri giza). Usiwatoe matumbo, osha mchanga tu. Chukua maji lita moja kwenye sufuria, tia chumvi huku unakoroga, alafu tumbukiza yai bichi na ganda lake, likizama ongeza chumvi, likielea imetosha, ndo kipimo chenyewe cha kitabuni hicho. Itakula chumvi nyingi mpaka utaogopa, usiogope. Toa yai, tia dagaa, na majani ya oregano kama unayo, chemsha kwa moto wa wastani kama saa nzima mpaka dagaa wasagike na maji yapungue. Pikia nje tafadhali. Acha ipoe, chuja kwa kitambaa safi mara mbili tatu mpaka ipate rangi ya chai ya rangi bila vumbi vumbi. Weka kwenye chupa, weka kwenye friji. Kuanzia hapo chumvi huitumii tena kwenye chakula chochote cha hapa chini isipokuwa zile tende za mwisho, unatia kijiko cha garum, unaonja, basi.

Sasa adesi. Hii inatoka kwenye mkusanyiko wa mapishi unaobeba jina la Apicius, ulikusanywa kama karne ya 4 au ya 5 hivi, na shida yake ni kwamba vipimo huwa hawaandiki, wanataja vitu tu kama bibi anavyokuelekeza, kwahiyo vipimo hapa ni vyangu na wewe rekebisha. Chemsha adesi vikombe viwili, povu likipanda litoe, kisha tia vitunguu majani vilivyokatwa (wao walitumia liki) na majani ya giligilani. Pembeni twanga mbegu za giligilani kijiko kimoja cha chakula pamoja na majani kidogo ya nanaa. Tia humo, alafu siki vijiko viwili, asali kijiko kimoja, garum vijiko viwili, malizia na mafuta juu. Siki nyeupe za dukani ni kali, zimua na maji kwanza.

Ila kuna kiungo kimoja humo ndani ambacho wazungu wanahangaika kukitafuta na sisi tunacho, mvuje. Ndiyo, mvuje huohuo bibi zetu wanamfungia mtoto kukimbiza mashetani. Warumi walikuwa na mmea unaitwa silphium unaotoka Cyrene, Libya ya sasa, waliupenda mpaka ukaisha, Plinio mwandishi wao anasema enzi zake ulionekana mche mmoja tu ukapelekwa kwa mfalme Nero. Baada ya hapo wakawa wanatumia utomvu uliotoka upande wa Uajemi na huo ndio mvuje. Waulize wauza viungo na dawa za asili. Chukua kipande kidogo kama punje ya mchele, kikaange kwenye mafuta mpaka harufu ile mbaya ikate na ibaki kama ya kitunguu, kisha mimina kwenye adesi. Ukizidisha umeharibu sufuria nzima.

Migebuka ndio rahisi kuliko vyote. Apicius anasema ukitaka samaki wa kukaanga wakae muda mrefu, wakitoka tu kwenye mafuta wamwagie siki ya moto. Basi. Kaanga migebuka wako kama kawaida bila kuwapaka chumvi, siki iwe inachemka pembeni, ukiwatoa tu wamwagie, watalia chaaa, kisha nyunyizia pilipili manga na garum kidogo. Kwenye hii mi naona Warumi wametuzidi, samaki anakuwa na uchachu mpaka ndani na huhitaji ndimu.

Mkate wao wa libum unatoka kwa Cato, mzee wa karne ya 2 kabla ya Kristo aliyeandika kitabu cha mambo ya shamba: jibini ratili 2, unga wa ngano ratili 1, yai 1, ratili yao ilikuwa kama gramu 327. Jibini huku ni ghali, chukua maziwa mgando, yafunge kwenye kitambaa na uyatundike usiku kucha yachuje maji, kinachobaki kinafaa kabisa. Kanda na unga na yai, finyanga duara, laza juu ya majani (Cato anataka ya mlorela, yale yanayoitwa bay leaf, mi natumia ya mgomba na sijaona ubaya), funika kwa chungu na upalie makaa juu, moto mdogo. Cato naye anaoka hivyohivyo chini ya chungu cha moto, kwahiyo anayejua kupalia keki ya mkaa hana la kujifunza hapo. Ikigeuka kahawia toa, kula na asali.

Cha mwisho tende. Toa kokwa, jaza pilipili manga iliyotwangwa, kidogo sana, au lozi ukiwa nazo, sio karanga. Vingirisha kwenye chumvi kidogo, kisha kaanga kwenye asali inayochemka, dakika mbili zinatosha maana asali ikiungua inakuwa chungu. Asali ya Tabora ya miombo ile nyeusi ndio inafaa hapa, na tende zile laini za kubandikana, ngumu zinapasuka. Kula zikiwa za moto bado, zikipoa zinagandana na sahani.