Jinsi ya Kupima Maoni ya Watu Kuhusu Jaribio la Roketi ya Starship

Kabla ya kuungana na wanaoshangilia au wanaokejeli, tafuta kwanza lengo ambalo kampuni ililitangaza kabla ya roketi kuruka. Tarehe 20 Aprili 2023, Starship ya kampuni ya SpaceX ililipuka dakika nne hivi baada ya kuondoka Texas, na bado wafanyakazi wakashangilia, kwa kuwa walichotarajia hasa ni kuiona ikipaa na kuuvuka mnara wake. Kisha uliza anayetoa maoni anaishi wapi: wakazi wa Port Isabel, mji ulio karibu na eneo hilo, walioangukiwa na vumbi lililorushwa jukwaa la kurushia roketi lilipobomoka, walikuwa na haki ya kununa, ingawa mashabiki huwasahau upesi mno. Hatimaye soma uamuzi wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliyozuia safari nyingine hadi uchunguzi ukamilike.